Bunduki ya wenzo ya zamani: ijue, ikague, ndipo utoe hela

Msimu wa kuwinda ukikaribia Marekani, kwenye maduka ya bunduki na ya rehani hurudi swali lile lile. Bunduki mbili zimesimama kwenye rafu moja. Zote zimeandikwa Winchester, jina la kampuni iliyozitengeneza, zote ni Model 94, zote zinatumia risasi ya .30-30, na kwa jicho la mgeni ni mapacha. Lakini bei ya moja ni mara mbili ya mwenzake. Ukiuliza sababu, muuzaji anakujibu kwa mkato: "Hii ni ya kabla ya sitini na nne." Anasema kama jambo ambalo kila mtu analijua. Waswahili wenzetu walioko Minnesota, Ohio au Texas, ambao baadhi yao wameanza kukata leseni za kuwinda kama majirani zao, hubaki wakitazamana. Wengine hulipa tu kwa kuogopa kuonekana washamba. Wengine huondoka na ile ya bei rahisi wakiamini wamempiga mtu chenga.

Mkanganyiko huu unatokana na maswali matatu yanayorundikwa pamoja wakati kila moja lina ushahidi wake. La kwanza: hii ni bunduki gani, ya mwaka gani? La pili: je, ni salama kupigwa? La tatu: je, inastahili bei hii? Mwaka wa kutengenezwa unajibu swali la kwanza, na unasaidia kidogo kwenye la tatu. Swali la pili, ambalo ndilo linalogusa uso na macho yako, mwaka haulijibu hata kidogo.

Tuanze na sehemu zake

Bunduki ya wenzo ni bunduki ya kuwindia inayopakiwa kwa mkono wa chuma ulio chini, unaozunguka kifyatulio. Mkono huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini na mbele, bolti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa), hurudi nyuma na kutupa nje ganda lililotumika. Ukiurudisha juu, bolti huenda mbele, huingiza risasi mpya kwenye chemba na kujifunga. Nyundo, ile iliyochomoza nyuma kama sikio, inakuwa imeshavutwa. Kazi inayobaki ni kulenga na kubana kifyatulio.

Mtutu ni bomba ambamo risasi hupita. Mwili ni kasha la chuma la katikati linalobeba mitambo. Kitako ni mbao inayokaa begani. Magazini ni mahali risasi zinaposubiri zamu, na kwenye bunduki nyingi za aina hii ni bomba jembamba lililolala chini ya mtutu, risasi zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa kitako cha ile.

Mpangilio huo una hatari yake, na mnunuzi aijue mapema. Kwenye kitako cha risasi ndipo kilipo kiwashi, kile kiduara kidogo kinachogongwa ili baruti iwake. Risasi yenye ncha kali na ngumu ikikaa nyuma ya kiwashi cha mwenzake, teke la bunduki inapopigwa linaweza kuifanya ikigonge kiwashi hicho na kuilipua risasi ya mbele ndani ya bomba, karibu kabisa na kiganja chako cha kushoto. Ndiyo sababu risasi za .30-30 huwa na pua bapa au ya mviringo. Kampuni ya Hornady ilileta mwaka 2006 risasi zenye ncha ya plastiki laini iliyobuniwa mahsusi kwa magazini ya bomba, na hizo zinafaa. Ncha kali za kawaida, usizitie kamwe.

Na hiyo .30-30 ni nini? Nambari ya kwanza ni upana wa risasi, sehemu 30 kati ya 100 za inchi. Ya pili ni uzito wa baruti iliyowekwa mwanzoni: greni 30, kama gramu 2 hivi. Ni jina la enzi zile, maana baruti ya leo haipimwi hivyo. Winchester waliileta mwaka 1895, wakati baruti isiyotoa moshi ilikuwa bado kitu kipya, na kwa vizazi imekuwa risasi ya kulungu wa misitu ya Marekani. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 150 au 170, yaani gramu 10 au 11 hivi. Ni risasi ya masafa ya karibu. Wawindaji waangalifu hujiwekea mpaka wa mita 150 hivi, na ndani ya msitu mnene huna haja ya zaidi ya hapo.

Bunduki yenyewe, Model 1894 (ndiyo hiyo hiyo Model 94), ilibuniwa na John Moses Browning wa Ogden, Utah. Wenzo haukuwa wazo lake la kwanza. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860 ilikuwa tayari inafanya kazi kwa wenzo, na Winchester walikuwa na 1873, 1886 na 1892 kabla ya hii. Lakini 1894 ndiyo iliyoenea kuliko zote. Hadi kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006, zaidi ya milioni 7 zilikuwa zimetengenezwa. Weka idadi hiyo akilini, kwa sababu inapangua nusu ya maneno ya wauzaji. Kitu kilichotengenezwa mara milioni 7 hakiwi adimu kwa sababu tu kimezeeka. Kinachoadimika ni kipande ambacho hakijaguswa, au cha aina iliyotengenezwa kwa uchache.

Kilichotokea mwaka 1964

Hadi mwaka 1963 Winchester walikuwa wanatengeneza 94 kwa njia ya zamani: vipande vinachongwa kutoka chuma kigumu, pini ni za chuma kilichojaa, mafundi wanasawazisha kwa mkono. Njia hiyo ilikuwa ghali. Mwaka 1964 kampuni ikabadilisha. Kinyanyuzi, kile kipande kinachopandisha risasi kutoka kwenye bomba hadi usawa wa chemba, kikawa cha bati lililokatwa kwa mashine. Pini nyingi zikawa za bati lililoviringishwa, zenye uwazi ndani. Chuma cha mwili nacho kikabadilika, na hicho kipya hakipokei vizuri ile rangi ya buluu iliyokolea inayopakwa chuma cha bunduki. Wawindaji waliona tofauti siku waliposhika bunduki mpya na kusikia inavyocheza mkononi, wakakasirika. Hapo ndipo "kabla ya 64" likawa neno la sifa.

Sifa hiyo ni ya haki. Tatizo ni jinsi watu wanavyoivuta hadi ikakatika. Wengine husema za baada ya 1964 ni takataka au ni hatari. Sivyo. Mamilioni ya watu wamewindia bunduki hizo, na kampuni ilirekebisha baadhi ya mambo katika miaka iliyofuata. Zinacheza kidogo mkononi, sauti yake ni ya bati, na haziwavutii wakusanyaji, lakini bunduki ya mwaka 1975 iliyotunzwa ni chombo halali cha kuwindia. Kwa anayetaka nyama na si historia, mara nyingi ndiyo yenye nafuu zaidi sokoni. Upande wa pili, kuna bunduki za mwaka 1920 zilizokaa kwenye ghala lenye unyevu hadi mtutu ukaliwa na kutu kama bati la paa la pwani. Hizo nazo ni za "kabla ya 64".

Kujua uko upande gani wa mwaka huo si kazi ngumu. Namba ya mfululizo imegongwa chini ya mwili, upande wa mbele. Namba za baada ya mabadiliko zilianzia 2,700,000. Kuna alama nyingine za njiani ambazo ni rahisi kukumbuka: bunduki namba 1,000,000 alipewa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927, namba 1,500,000 alipewa Harry Truman mwaka 1948, na namba 2,000,000 alipewa Dwight Eisenhower mwaka 1953. Kwa hiyo ukiona namba kama 1,700,000 unajua ni ya baada ya Vita vya Pili, hata kama muuzaji anaapa kuwa babu yake aliitumia kabla ya Vita vya Kwanza. Kwa zile za miaka ya mwanzo kabisa, jumba la makumbusho la bunduki lililoko Cody, Wyoming, limehifadhi vitabu vya kiwanda na hutoa barua inayoeleza bunduki ilitoka ikiwa na mtutu gani na ya risasi gani. Anayekuuzia kwa bei ya mkusanyaji asikatae ukiomba barua hiyo.

Zaidi ya Winchester

Mshindani wake mkubwa ni Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948 ikiwa na mizizi katika Marlin 1893. Tofauti kubwa iko juu ya mwili. Winchester ya zamani ipo wazi juu na hutupa maganda angani, kwa hiyo darubini ya kulengea haikai vizuri juu yake. Kampuni ilirekebisha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu. Marlin imefunikwa juu na hutupa maganda ubavuni. Mwenye macho yaliyochoka, anayehitaji darubini, atafurahia Marlin zaidi. Isitoshe, ukifungua skrubu moja wenzo unatoka, bolti inatoka, na unaweza kusafisha mtutu kutokea nyuma. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika, na nitalirudia.

Marlin za zamani zina muhuri mdogo wa herufi JM kwenye mtutu karibu na mwili. Kampuni ilinunuliwa na Remington mwishoni mwa mwaka 2007, kisha Ruger wakaichukua mwaka 2020. Wawindaji wengi walilalamikia kazi ya miaka ya mwanzo ya Remington, ndiyo maana muhuri wa JM hutafutwa. Kwa bunduki za kuanzia mwaka 1973, mwaka unaupata kwa hesabu ya shule ya msingi: chukua tarakimu mbili za kwanza za namba, zitoe kwenye 100. Ikianza na 25, ni ya mwaka 1975.

Ya tatu ni Savage 99, ambayo mimi naiheshimu kuliko nyingine zote. Aliyeibuni, Arthur Savage, alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1857. Haina nyundo ya nje, wala haina bomba chini ya mtutu. Risasi zake hukaa ndani ya gurudumu linalozunguka tumboni mwa bunduki, na kwa sababu hazigusani pua kwa kitako, unaweza kutumia risasi zenye ncha kali zinazokwenda mbali. Nyingi zina kidirisha kidogo ubavuni kinachoonyesha idadi ya risasi zilizobaki. Ugonjwa wake ni mmoja: mbao ya kitako hupasuka nyuma ya ulimi wa chuma unaoingia ndani yake. Angalia hapo kwanza.

Savage inanifikisha kwenye onyo linalowahusu sana watu wa kwetu. Nyingi za zamani zinatumia risasi iitwayo .303 Savage. Waliokulia Afrika Mashariki wameisikia .303 tangu utoto, ile ya Lee-Enfield ya Waingereza iliyobebwa na askari na walinzi wa wanyamapori. Hizo ni risasi mbili tofauti kabisa. Ukiisoma ".303" kwenye mtutu ukakimbilia dukani kununua boksi la .303 ya Kiingereza, umejitafutia balaa. Vivyo hivyo kwenye Winchester: maandishi ".30 W.C.F." ni .30-30 kwa jina lake la mwanzo, lakini .32 Winchester Special na .32-40 ni vitu viwili, na .30-06 haihusiani na yoyote kati ya hizo. Soma mtutu wote, herufi kwa herufi, na kama mtutu umewahi kuchongwa upya kwa risasi nyingine, fundi aithibitishe chemba kabla hujanunua hata risasi moja.

Kuikagua mkononi

Kabla ya yote, elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, fungua wenzo, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole ujiridhishe. Angalia na mlango wa magazini. Muuzaji anaweza kuwa ameshafanya hivyo mbele yako, fanya tena. Hakuna muuzaji wa kweli atakayechukia.

Anza na mtutu. Wenzo ukiwa wazi, weka kipande cha karatasi nyeupe au taa ndogo kwenye chemba, uchungulie kutokea mdomoni. Ndani utaona michirizi inayozunguka kama ngazi ya mnara. Kazi yake ni kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Unataka michirizi yenye kingo kali na chuma kinachong'aa. Weusi wa vumbi na mafuta makavu hauna neno, unasafishika. Vishimo vidogo vya kutu haviondoki. Bunduki za zamani huwa navyo mara nyingi kwa sababu viwashi vya enzi hizo viliacha chumvi ndani ya mtutu, na asiyeusafisha jioni ile ile aliamkia kutu. Vishimo vichache si mwisho wa dunia, bunduki inaweza bado kulenga. Lakini ukiona pete nyeusi imezunguka mtutu mahali pamoja, simama. Pete hiyo ni dalili kwamba mtutu umevimba, pengine kwa kupigwa ukiwa na kitu kimekwama ndani. Pitisha vidole nje ya sehemu hiyo taratibu. Ukisikia uvimbe, irudishe kwenye rafu.

Sasa mdomo wa mtutu, ambao wanunuzi wengi hawautazami. Winchester 94 haisafishiki kwa urahisi kutokea nyuma, kwa hiyo wenyewe waliisafisha miaka nenda rudi kwa kuingiza fimbo mdomoni. Fimbo ya chuma ikisugua upande mmoja kwa miaka 60, michirizi ya mwisho kabisa hulika. Na pale mwisho ndipo risasi inapoagana na bunduki. Ikitoka imeegemea upande, haitakwenda unakolenga. Kuna kipimo kisichohitaji zana. Muulize muuzaji kama ana kichwa cha risasi kitupu, bila ganda wala baruti. Kiingize mdomoni kwa pua. Mtutu mzuri utaacha sehemu ya kichwa ikiwa nje, imekabwa vizuri pande zote. Kikizama chote au kikicheza upande mmoja, mdomo umelika. Fundi anaweza kukata kidogo na kuutengeneza upya, lakini hiyo ni gharama ya kutoa kwenye bei, na kwa mkusanyaji ni doa.

Ukimaliza hapo, pima urefu wa mtutu. Wapo waliokata mitutu ili ifanane na bunduki fupi za watega mitego, ambazo zina bei. Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka mtutu wa bunduki ya aina hii usipungue inchi 16, yaani sentimita 40.6, ukipimwa kutoka uso wa bolti iliyofungwa hadi mdomoni. Pungufu ya hapo unaingia kwenye sheria ya mwaka 1934 yenye adhabu kali, hata kama aliyeikata alishakufa.

Kisha nyundo na kifyatulio, chemba ikiwa tupu. Vuta nyundo hadi mwisho, ondoa kidole kwenye kifyatulio, kisha isukume nyundo mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Isianguke. Winchester za zamani na Marlin nyingi zina pia nafasi ya nusu, ambapo nyundo hukaa nyuma kidogo tu na kifyatulio hakipaswi kufanya kazi. Ndiyo usalama pekee wa bunduki za zamani. Iweke hapo, bana kifyatulio kwa nguvu ya kawaida. Nyundo ikianguka, hiyo si bunduki ya kwenda nayo porini kabla fundi hajaishika.

Kwenye Marlin kuna ugonjwa unaojulikana sana. Ukingo wa wenzo huchimba kidonda kwenye kinyanyuzi baada ya matumizi mengi, kinyanyuzi kikashuka kidogo, na risasi ya pili ikachungulia chini yake wakati ya kwanza bado inapanda. Hapo bunduki hukwama kabisa, wenzo hauendi mbele wala nyuma. Huwezi kuliona hilo kwa kutazama nje. Omba risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, jaza tano au sita, uzungushe zote kwa mwendo wa pole na kisha kwa haraka. Inayopitisha zote mara zote mbili iko sawa.

Ipo nafasi moja ambayo macho hayawezi kuipima: ile iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyokaa chembani. Ikizidi, ganda hunyooka na kupasuka wakati wa kupiga, na moto hurudi nyuma. Fundi ana vipimo vya chuma vya kazi hiyo na huimaliza kwa dakika chache. Malipo yake ni madogo ukilinganisha na jicho.

Rangi mpya, bei ndogo

Watu wa kwetu hushangaa wanapoambiwa bunduki iliyong'arishwa upya ina thamani ndogo kuliko iliyofifia. Wenye nyumba za kale Lamu na Unguja wanalielewa haraka: mlango wa nakshi wa miaka 150 ukipigwa msasa hadi mbao iwe nyeupe, ukapakwa vanishi, unakuwa mlango mzuri tu, na mnunuzi wa vitu vya kale anageuza uso. Alichokuwa analipia kimeishia kwenye vumbi la msasa.

Kwenye bunduki dalili ziko wazi ukizijua. Kona za mwili zinazopaswa kuwa kali zimekuwa butu. Herufi kwenye mtutu hazina kina, kama sabuni iliyotumika. Mashimo ya skrubu yamebonyea pembeni. Mbao imeshuka chini ya usawa wa chuma kwa sababu ya msasa. Ilipotoka kiwandani ilikuwa juu kidogo. Na vichwa vya skrubu vyenyewe ni shahidi asiyenyamaza. Mfuo wa bisibisi ukiwa umeraruka, mtu alishaingia ndani kwa zana isiyofaa, na hujui alifanya nini huko. Mimi huanza kutazama skrubu kabla ya kusikiliza historia ya babu wa muuzaji.

Mashimo ya ziada yaliyotobolewa ubavuni au juu ya mwili ili kufunga darubini nayo hushusha bei ya mkusanyaji. Kwa mwindaji yanaweza kuwa faida, mradi yametobolewa sawasawa. Hapo ndipo unapopaswa kujiuliza kwa ukweli unanunua nini. Kama unataka kuwinda Novemba hii, bunduki iliyopakwa rangi upya, yenye mashimo mawili na mtutu safi, ni nafuu kubwa. Ukilipia ile isiyoguswa halafu ukaiburuza kwenye miiba na mvua, unachoma pesa zako mwenyewe.

Neno moja kuhusu zile za kumbukumbu. Kuanzia mwaka 1964 Winchester walitoa matoleo maalumu ya 94 yenye nakshi na rangi ya dhahabu: ya Wyoming mwaka huo, ya miaka 100 ya kampuni mwaka 1966, ya Buffalo Bill mwaka 1968, ya John Wayne mwaka 1981. Wengi waliyanunua kama akiba ya uzeeni na hawakuyapiga hata mara moja. Shida ni kwamba hayo ya 1966 na 1968 yalitengenezwa zaidi ya 100,000 kila moja, na wanunuzi wote walikuwa na wazo lile lile la kuyahifadhi, kwa hiyo yamejaa sokoni. Ukisikia "toleo maalumu, halitapatikana tena", omba kuona boksi na karatasi zake, kisha linganisha bei za minada iliyokwisha kufanyika, si bei wanazoota wauzaji.

Sheria, na hasa kwa mgeni

Bunduki ya wenzo si mgeni kabisa kwetu. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda, alikuja na Winchester 1895 za risasi ya .405, na simba kadhaa walianguka kwa bunduki hizo. Lakini leo mambo ni mengine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali, na silaha zote ziko chini ya sheria ya mwaka 2015. Ndugu anayepakia kontena la kurudi nyumbani asithubutu kuchomeka bunduki ya kale katikati ya majokofu na matairi kwa kudhani ni pambo. Kuitoa Marekani ni kibali, kuiingiza nchini ni kibali kingine, na bila hivyo viwili ni kesi ya magendo ya silaha.

Ndani ya Marekani, sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ni kitu cha kale, ingawa jimbo lako linaweza kusema vingine. Hiyo ni sababu nyingine ya kuijua namba vizuri, kwa maana Model 94 za miaka ya kwanza zinaingia humo. Nyingine zote, ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni, utajaza fomu namba 4473 na jina lako litachunguzwa. Kununua kwa mtu binafsi wa jimbo lingine lazima kupitie kwa muuzaji mwenye leseni. Majimbo kama California, New York, Colorado na Washington yanataka uchunguzi hata kati ya watu binafsi wa jimbo moja.

Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Asiye na hadhi halali ya ukaazi haruhusiwi hata kuishika. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mtu wa nyumbani, hata kama lilikuwa kosa dogo, naye amefungiwa. Na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini mtu ambaye si raia, hata mwenye kadi ya kijani. Kwa hiyo yule binamu asiyeruhusiwa anayekuomba umnunulie kwa jina lako, mkatalie bila kuona haya. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya hapo ni jinai ya kifungo. Kama karatasi zako zina utata wowote, lipia saa moja ya mwanasheria wa uhamiaji kabla hujalipia bunduki.

Siku ya kwanza uwanjani

Ukishanunua, ipeleke kwa fundi bunduki kwanza. Aisafishe, apime ile nafasi ya chemba, abadilishe springi zilizochoka. Kisha nenda kwenye uwanja wa shabaha, vaa miwani na vizibo vya masikio, utie risasi moja tu. Chagua risasi mpya ya kiwandani, si zile zilizotoka kwenye droo ya marehemu pamoja na bunduki.

Piga, fungua wenzo, chukua ganda mkononi. Ligeuze juani. Kiwashi kiwe na alama moja ya duara katikati, kimekaa usawa na kitako. Kikiwa kimechomoza nyuma, nafasi ya chemba imezidi. Ubavuni kusiwe na mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu na chini, kwa sababu hapo ndipo chuma chake huanza kukatika. Masizi mengi yaliyorudi hadi katikati ya ganda yanasema ganda haliizibi chemba vizuri. Ganda la kwanza likiwa safi, piga la pili, kisha la tatu, ukiyaangalia yote kwa namna hiyo hiyo. Likija na ufa au kiwashi kilichotoboka, funga kazi ya siku hiyo, yaweke maganda kwenye mfuko na umrudishie fundi pamoja na bunduki.